Mabonde Mawili ya Titani na Pipa la Ulezi

Nimestaafu. Msicheke, wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, najua nina miaka kumi na saba. Lakini mtu aliyevumilia klabu ya anga pamoja na Festo tangu kidato cha pili ana haki ya kusema amestaafu, na kama klabu ingekuwa na kiinua mgongo ningekidai. Mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni, Mwalimu Mwaisumo kaniambia nikabidhi kazi, na kwa kuwa mnajua mimi kusimama mbele za watu nikaongea ni adhabu, naandika. Someni mpaka mwisho. Msiruke kama mnavyoruka maelekezo ya kisanduku.

Naanza na kisanduku chenyewe kwa sababu kuna mmoja wenu, simtaji, wiki iliyopita aliniuliza kama kinapika. Hakipiki. Upande mmoja kuna taa. Katikati kuna mrija mrefu wa plastiki, ule wa mafundi bomba, tunaoujaza gesi. Upande wa pili kuna kitu cha kuutawanya mwanga kama upinde wa mvua, na kihisio kinachosoma mwanga ambao macho yetu hayauoni, ule wa infraredi, ambao ngozi inausikia ukikaa karibu na jiko la mkaa. Mwanga unapita kwenye gesi, gesi inakula sehemu yake, kinachobaki kinachorwa kwenye kompyuta kama mstari. Pale gesi ilipokula, mstari unazama. Tunaita mabonde. Kila gesi ina mabonde yake na haiazimi ya jirani. Basi. Hiyo ndiyo spektroskopia, na ukiwaona watu wanaikunjia uso ujue hawajaelezwa vizuri.

Titani ni mwezi wa sayari ya Zohali. Una hewa nzito kuliko yetu. Hatuwezi kwenda kuinusa, lakini kuna darubini kubwa, iko juu ya mlima huko mbali, imekusanya mwanga wake na kuweka mafaili wazi, yeyote anachukua. Tukichora hayo mafaili tunaona mabonde ya Titani. Tukijaza gesi kwenye mrija wetu hapa Kizwite tunaona mabonde ya gesi yetu. Yakilingana, tunajua hewa ya kule ina nini. Kazi yenyewe ni hiyo. Inasikika rahisi, ndiyo maana Festo aliipenda.

Kisanduku si chetu. Hili ndilo lililoninyima raha mwaka mzima. Alituazima Dokta, yule mhadhiri mama mwembamba mwenye miwani aliyekuja na gari lenye matope hadi kwenye vioo. Alisema wazi mbele ya Mkuu wa shule: kitakaa hapa mpaka siku ya maonyesho, atakuja mwenyewe kuona tumekifanyia nini, akiona kimegeuka pambo la stoo anakichukua anakipeleka shule nyingine mkoa mwingine. Wengine walipiga makofi. Mimi sikupiga. Sina mpira, sina kwaya, darasani sinyooshi mkono hata jibu nikilijua. Kwenye kisanduku nilikuwa mtu. Nikichora grafu, grafu inaongea, mimi nanyamaza, na wote tunaelewana.

Sasa makosa. Ni mengi, nichague.

Kosa la nailoni. Mrija unahitaji vifuniko viwili vinavyopitisha mwanga. Sisi tukafunga mfuko wa nailoni na mpira wa manati kila upande, tukajisifu. Tukawasha, mrija mtupu, hamna kitu ndani, na mabonde yakatokea! Tukakaa wiki nzima tunajadili. Kumbe nailoni nayo inakula mwanga, tena karibu na palepale methani inapokula. Mwalimu Mwaisumo alipoona akashika kiuno.

"Nyie mmeipima nini?"

"Hewa, mwalimu."

"Mmepima mfuko."

Tangu hapo tunatumia vile vioo vyembamba vya hadubini, tunabandika kwa gundi. Msirudi kwenye nailoni. Nikisikia mmerudi kwenye nailoni nitakuja na magwanda yangu ya mahafali.

Jambo jingine, baridi. Nyie mmezaliwa hapa, mnajua Sumbawanga ya mwezi wa sita, ule upepo wa asubuhi unaopenya hadi kwenye meno. Kihisio hakiupendi. Ukiwasha na kupima papo hapo, mstari unapanda wenyewe kama unatambaa ukutani. Washa, funika kwa kitenge, nenda kanywe uji, rudi. Na ukirudi usiinamie mrija ukapumulia. Pumzi yako ina mvuke na ina kabonidayoksaidi, vyote vinachora mabonde. Nimesema hili mara nyingi kuliko nilivyosema shikamoo.

Basi tuje kwenye pipa.

Tulihitaji methani. Vitabu vinasema Titani ina methani, nasi tulitaka tuione kwa mrija wetu, tuwawekee Dokta na wageni grafu mbili moja juu ya nyingine. Mwalimu Mwaisumo akatuambia methani hutoka kwenye vitu vinavyooza bila hewa, akatuachia hilo, akasafiri kwao Tukuyu kwenye msiba. Laiti angetuachia sentensi moja zaidi.

Festo, mwenyekiti, alianza na ntumba. Mnazijua, yale matuta ya duara ambayo bibi zetu huzika nyasi zioze halafu hupanda juu yake. Nyasi, kuoza, chini ya udongo. Si mbaya kwa kuwaza. Tukaenda shambani kwa baba yake mdogo, tukachomeka mpira wa maji ndani ya tuta, tukavuta kwa pampu ya baiskeli. Tukapata udongo, siafu, na matusi ya baba mdogo.

Likizo fupi Festo akaenda kwa bibi yake Msanzi. Akarudi amebeba tyubu ya baiskeli iliyovimba, ameivaa shingoni kama shada.

"Skola! Nimeipata!"

"Umepata nini?"

"Methani. Bibi ameloweka pombe ya ulezi kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Pipa zima, limefunikwa, halina hewa, linachemka lenyewe bila moto! Linaoza lile. Nikatoboa mfuniko kidogo, nikaingiza mpira, tyubu ikajaa yenyewe. Hata pampu sikutumia."

"Bibi anajua?"

"Bibi alifikiri nimekuja kusaidia kukoroga."

Nikamwambia taratibu kwamba kimea kikichemka kinatoa gesi, sawa, ila kwenye kitabu cha baiolojia wameandika ni kabonidayoksaidi. Nilisema taratibu mno, au yeye alikuwa anafungua tyubu wakati nasema. Vyovyote, hakunisikia. Darasa zima likanuka togwa lililopitiliza. Tukajaza mrija, tukawasha, tukasubiri.

Mstari ukashuka ukachora mabonde mawili madogo yaliyokaa karibukaribu, kama pacha mgongoni.

Halafu Festo akafungua faili la Titani. Na pale, palepale kabisa, palikuwa na mabonde mawili yaliyokaa karibukaribu.

Nawaambieni ukweli, hata mimi nywele zilisimama. Kwa muda mfupi nilisahau kitabu cha baiolojia. Festo alipanda juu ya dawati.

"Titani wanapika pombe!"

Alitoka hivyo mpaka ofisini kwa Mkuu. Kesho yake mstarini, Mkuu wa shule, mbele ya shule nzima, alitangaza kwamba vijana wetu wamegundua hewa ya mwezi wa mbali inafanana na gesi ya ulezi wa Ufipa, na kwamba jambo hili litaufikia mkoa. Watu wakapiga vigelegele. Bango likaagizwa mjini, lile kubwa la plastiki lenye picha ya Mkuu kwenye kona. Sijui picha ya Mkuu inahusianaje na Zohali. Sikuuliza.

Kazi yangu ilikuwa grafu za bango. Festo alitaka zipendeze, ziwe na rangi, ziwe nyingi. Basi nikafungua kila faili lililokuja pamoja na la Titani, nichore zote. Mojawapo lilikuwa la nyota. Ndugu zangu, kila faili la Titani huja na faili la nyota, na sote tulikuwa tumelipita kama karatasi ya kufungia vitumbua. Nikalichora.

Mabonde mawili. Palepale. Pacha wale wale.

Nilikaa nikalitazama. Nyota ni moto mtupu. Nyota haina pipa. Sasa pacha wanatoka wapi? Nikawaza pole pole, kama ninavyowaza kila kitu: darubini iko chini, duniani. Mwanga wa Titani kabla haujafika kwenye darubini unapita kwenye hewa yetu. Mwanga wa nyota nao unapita humohumo. Kila kinachoonekana kwenye vyote viwili si cha Titani wala si cha nyota. Ni cha njiani. Ni kabonidayoksaidi ya dunia hii tunayoipumua, ndiyo hiyohiyo ya kwenye pipa la bibi. Tulikuwa tumejipima wenyewe tukajishangilia.

Nikamfuata Festo uwanjani.

"Festo, yale mabonde hata nyota inayo."

Akasimama, akafikiri, nikafurahi kwamba anafikiri.

"Kwa hiyo na nyota ina pombe!" akasema. "Skola, hii kubwa kuliko tulivyodhani!"

"Festo, sikiliza…"

"Mshikaji wangu, usiwe na roho mbaya. Bango limeshalipiwa."

Nilirudi bwenini nikalia kwa hasira. Si kulia kwa huzuni, hapana. Hasira ile ya mtu anayeona jiwe linaporomoka, anasema jiwe, jiwe, na watu wanamwuliza amekula nini leo. Nilijua Dokta akiingia ukumbini atalitazama bango lile kwa macho mawili tu, ajue. Na kisanduku kitaondoka, na kitaondoka kwa aibu.

Mwalimu Mwaisumo alirudi siku mbili kabla ya maonyesho. Nilimwekea grafu mezani. Aliziangalia, akavua miwani, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya maabara. Kisha akaacha kucheka.

"Mkuu ameshatangaza?"

"Ameshatangaza, mwalimu."

"Nani atamwambia?"

Nikaangalia viatu vyangu. Yeye akaangalia viatu vyake. Nilimkasirikia hapo, nasema wazi, mtu mzima na digrii yake. Hata hivyo alikwenda. Tulisikia sauti ya Mkuu kupitia dirishani: bango limeshatundikwa, wageni wameshaalikwa, mwalimu asimletee mambo ya nyota. Mwalimu akatoka amekunja mikono ya shati.

"Skola, mimi nimeshindwa na bango. Tushughulike na kile tunachokiweza. Tafuta methani ya kweli."

Ya kweli tuliipata Mollo, kwa Mama Klemensia, ana ng'ombe na mtambo wa biogesi anaopikia. Mngejua mazungumzo yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Gesi? Mbona hamkuja na sufuria?"

"Hatupiki, mama. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia!" Akamwita binti yake jikoni. "Njoo usikie, wamekuja kuangalia gesi." Kisha akanigeukia, nadhani kwa sababu Festo alikuwa anaongea sana. "Na huko mbinguni mnakosema, kuna ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Basi nani anaitoa?"

Nikamwambia hata wanaoisomea bado wanabishana. Akaitikia kwa kichwa, akatufungulia koki. Huyu, tofauti na Festo, alisikiliza jibu.

Gesi ya samadi usiimimine mrijani moja kwa moja, andikeni hili kwenye kiganja. Nayo ina kabonidayoksaidi ndani yake na harufu ya yai bovu. Ipitishe kwanza kwenye maji ya chokaa, halafu kwenye kopo la steelwuli ya kusugulia masufuria iliyoanza kushika kutu. Msiwashe kiberiti karibu, jamani. Festo alitaka "kuhakikisha kama ni yenyewe". Nilimnyang'anya kiberiti kile, na ndiyo mara pekee nimewahi kumnyang'anya mtu kitu.

Na lile faili la nyota, dawa yake ni kugawanya. Unachukua mwanga wa Titani, unaugawanya kwa mwanga wa nyota, namba kwa namba, na cha njiani kinajifuta chenyewe. Kugawanya, si kutoa. Festo alitoa, akapata Titani yenye mwanga hasi, akataka tuiongeze kwenye bango.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa wazazi, bango limetundikwa ukutani: SHULE YETU YAGUNDUA GESI YA ULEZI KATIKA TITANI. Mkuu anatabasamu mara mbili, ukutani na chini yake. Dokta akaingia, akasimama mbele ya bango, mikono nyuma. Akalisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

Festo akaeleza. Anaeleza vizuri, mpaka nikakaribia kumwamini. Watu wakacheka pale kwenye pipa. Alipomaliza Dokta akauliza, "Haya mabonde mawili, mna uhakika ni ya Titani?"

"Ndiyo, Dokta," akajibu Mkuu.

Nilikuwa nimesimama kando ya kompyuta. Mwalimu Mwaisumo akaniangalia. Nikasema, "Si ya Titani."

"Nini?" Dokta akainama. Ng'ambo ya ukuta wetu mnajua kuna mashine ya kusaga, na siku ile palikuwa na foleni ya mahindi, inanguruma kama ina ugomvi na sisi. "Sikusikii, binti."

"Si ya Titani."

"Paza sauti kidogo!"

Kitu fulani kikakatika ndani yangu. Nilichoka. Nilimchoka Festo, nikalichoka bango, nikaichoka ile mashine, nikaichoka na sauti yangu mwenyewe.

"HIYO NI HEWA YETU!" nikapiga kelele. "Si ya kule, ni ya hapa! Hata nyota inayo! Tumepima tunachopumua!"

Mashine ikawa imezimwa, bila shaka. Ilizimwa katikati ya sentensi yangu. Ukumbi mzima ulisikia, na nadhani na wale wenye mahindi.

Mkuu akatazama bango kama limemtukana. Festo akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga. Nikachora nyota. Nikachora Titani. Nikagawanya. Pacha wakatoweka mbele ya macho ya watu, mstari ukanyooka pale walipokuwa. Kisha nikachora gesi ya Mama Klemensia chini yake, na mabonde mapana ya methani yakakaa chini ya mabonde mapana ya Titani.

"Kwa hiyo mmegundua methani," mzazi mmoja akasema kwa heshima.

"Hapana," nikasema. "Ilishajulikana zamani, kabla hatujazaliwa."

"Zamani?" Mkuu akauliza, na sauti yake ilinitia huruma kweli. "Yote haya, na ilishajulikana?"

Dokta alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo cha kompyuta, pua inakaribia kugusa. Akaweka kidole kwenye mstari wa Titani, pembeni, pale palipo na bonde dogo sana ambalo gesi yetu haikuwa nalo.

"Na hili?"

Nililiona siku ile nilipogawanya mara ya kwanza. Nilirudia kazi nzima nikidhani nimekosea, likabaki. Nikabadilisha nyota, likabaki. Si la njiani. Si la mrija wetu. Festo alinikanyaga mguu, alitaka niseme chochote, jina lolote la gesi, ili kisanduku kisiondoke.

"Sijui," nikasema.

"Umejaribu nini?"

Nikamwambia. Kwa sauti ya kawaida, maana mashine ilikuwa bado imezimwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akachukua begi lake mezani akaliweka begani. Mkuu akamwuliza kwa unyonge kama tufungashe kisanduku tukibebe mpaka kwenye gari.

"Nitakichukuaje," Dokta akasema, "na huyu hajamaliza?"

Sijamaliza mpaka leo. Bonde lipo pale, pembeni, faili lipo kwenye kompyuta ya maabara, na mtihani wangu uko mlangoni. Kwa hiyo ni lenu sasa. Na tafadhali, mkilipatia jina, kabla hamjakimbilia ofisini kwa Mkuu, gawanyeni kwanza kwa nyota.